Okidi za Pwani: Faida Imo Katika Ua la Pili

MFANYABIASHARA wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayetaka kuongeza okidi katika bidhaa zake ajiulize kwanza: je, chungu hiki kitachanua tena kikiwa mikononi mwangu? Ua la kwanza ni kazi ya aliyeotesha, na bei yake umeshamlipa. Faida ya mwekezaji mdogo imo katika ua la pili na la tatu.

Okidi inayoonekana zaidi madukani, yenye majani mapana na maua mfano wa vipepeo, ni Phalaenopsis. Wakulima wa Uholanzi, ambao huizalisha kwa wingi mkubwa, huiweka kwanza katika nyumba za vioo zenye joto la nyuzi 28 hivi, makusudi ili ikue majani bila kuchanua. Ikishakomaa huhamishiwa kwenye nyuzi 19 au 20, na baada ya wiki kadhaa kikonyo cha maua hujitokeza. Msomaji ameshaona tatizo. Joto ambalo Waholanzi hulilipia ili kuzuia maua, sisi wa pwani tunalipata bure miezi mingi ya mwaka.

Phalaenopsis inaweza kuchanua pwani wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, usiku unapopoa. Iwekwe penye kivuli na upepo, mbali na ukuta unaotunza joto la mchana. Lakini huo ni msimu mmoja tu, na mteja wa hoteli hasubiri Julai.

Kwa hiyo fedha ziende kwenye Dendrobium na Vanda. Thailand imejijengea soko kubwa la nje kwa maua ya Dendrobium yaliyokatwa, na Singapore ilichagua aina ya Vanda kuwa ua la taifa mwaka 1981. Nchi zote mbili zina joto kama letu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia, kwani jina Dendrobium limebeba mimea ya tabia tofauti. Aina ya nobile hutoa maua ubavuni, kwenye vifundo vya bua, na huhitaji majira ya usiku wa baridi. Huko Lushoto au Nairobi inaweza kufaa; pwani ni hasara. Aina ya joto hutoa kikonyo kirefu karibu na ncha ya bua, maua yakiwa yamejipanga juu yake. Nunua mmea ukiwa na maua ili uone mwenyewe. Mwandishi wa safu hii alinunua vyungu vitatu vya nobile kwa kusikia jina tu, akavimwagilia miaka miwili, asipate hata ua moja. Muuzaji hakudanganya; jina lilikuwa sahihi.

Ukishapata aina inayofaa, kinacholeta maua ni mwanga. Majani ya kijani kizito, yanayopendeza macho, ni dalili ya mmea wenye njaa ya jua. Majani ya Dendrobium inayoelekea kuchanua huwa ya kijani chepesi. Neti ya kivuli inayozuia nusu ya jua inatosha. Mwembe mnene wa uani hauwezi kuwa mbadala wake. Mmea uliotoka kivulini uzoeshwe jua polepole, la sivyo majani yataungua.

Udongo wa bustani usitumike kabisa, kwani huzuia hewa na mizizi huoza. Tumia vipande vya mkaa, matofali ya kuchoma na makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku kadhaa, huku maji yakibadilishwa ili chumvi itoke. Vanda haihitaji hata hayo: huning'inizwa, mizizi ikielea hewani, na humwagiliwa kila siku. Mizizi myeupe ikigeuka kijani, imekunywa vya kutosha.

Mwagilia asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na okidi haipendi chumvi, kwa hiyo pipa la kuvunia maji ya mvua ni sehemu ya mtaji. Mbolea ya 20-20-20, gramu 1 kwa lita 1 ya maji, mara moja kwa wiki, inatosha wakati mmea unakua. Bua jipya la Dendrobium likishanenepa na kukomaa, punguza maji na mbolea, lakini usikatishe. Mabua ya zamani yasiyo na majani yasikatwe ovyo: ni ghala la chakula, na mara nyingi huchanua tena.

Okidi za porini ziachwe porini. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES, na anayepitisha mimea mpakani bila vibali anaweza kupoteza mzigo wote.

Kwa anayeuza maua yaliyokatwa, kikonyo cha Dendrobium hukatwa pale robo tatu ya maua yanapokuwa yamefunguka. Kisisafirishwe pamoja na ndizi mbivu, maembe wala mapapai. Hewa inayotolewa na matunda hayo hunyausha maua mapema, na mzigo uliotoka shambani ukiwa mzima unaweza kufika hotelini umeshalegea.