Goti la bibi Irente linamhusu nini profesa wa Manchester?

Wiki hii tuwaache wanamuziki na mamisi wapumzike, tuzungumze magoti. Usicheke! Wewe unayeruka ngazi mbilimbili leo, hayo hayo ndiyo utakayokwenda nayo uzeeni, na spea yake ni bei mbaya.

Aliyefika Irente, kilometa kama tano kutoka Lushoto mjini, anaijua ile raha ya kusimama kwenye mwamba na kuitazama Mazinde kule chini. Vijana wanakwenda pale kupiga picha. Lakini hebu geuka nyuma uangalie njia. Akina mama wanapanda na kushuka milima na kuni kichwani, kabichi kichwani, tangu usichana mpaka ubibi. Na kushuka ndiko kunakoliumiza goti zaidi kuliko kupanda. Muulize bibi, atakujibu ni baridi ya milimani tu, mjukuu wangu.

Si baridi, bibi. Baridi inaweza kukufanya usikie maumivu zaidi, lakini siyo iliyokula goti. Ugonjwa huu madaktari wanauita ostioathritisi, mtaani tunasema mifupa inasagana. Gegedu, ile nyama ngumu laini inayofunika ncha za mifupa, inachakaa. Mfupa unaota vijipembe, goti linavimba na asubuhi linakakamaa. Mwaka 2020 ilikadiriwa watu milioni 595 duniani walikuwa nao.

KURASA TISA TU

Sasa njoo Manchester, Uingereza, mwaka 1957. Madaktari wawili, Jonas Kellgren na John Lawrence, walichukua picha za eksirei za watu 85 wenye umri wa miaka 55 hadi 64. Shida ilikuwa kwamba picha moja, daktari huyu anasema goti bovu, yule anasema zima. Wakatengeneza madaraja: 0 ni zima, 4 limekwisha kabisa. Makala yenyewe kurasa tisa tu, lakini imeshatajwa na watafiti wenzao zaidi ya mara elfu kumi!

Kutajwa ndiyo nini? Ni kama wimbo kupigwa redioni. Msomi akitumia kazi ya mwenzake, lazima aitaje. Eugene Garfield wa Philadelphia alianza kutoa orodha ya nani kamtaja nani mwaka 1964. Mwaka 2005 Jorge Hirsch akaleta kipimo cha h: ukiwa na h ya 20, maana yake una makala 20, kila moja imetajwa angalau mara 20. Wasomi wanapandishwa vyeo kwa hesabu hizi, na pesa za utafiti zinafuata huko huko.

Ila wimbo kupigwa sana si kwamba hauna kasoro. Kuna mtu picha yake inasoma daraja la 3 na bado anacheza muziki, mwingine picha safi lakini analia usiku. Madaraja yale yanasoma mfupa, hayasomi maumivu.

NANI AMEMHESABU BIBI?

Mwaka 2015 Anthony Usenbo na wenzake walikusanya tafiti za Afrika kuhusu magonjwa ya viungo. Afrika Kusini vijijini, kwa wenye zaidi ya miaka 65, takwimu zilicheza kati ya asilimia 29.5 na 82.7. Pengo hilo unaona lilivyo! Huku kwetu, watafiti wa KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow wamefanya kazi ya kuhesabu wagonjwa wa viungo wilayani Hai. Kazi kama hiyo ndiyo inayotakiwa, maana goti lisilohesabiwa haliingii kwenye bajeti ya mtu yeyote.

KAZI KWAKO

Wewe wa mjini, na chipsi mayai zako, sikia hii. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliotolewa mwaka 1992, ulionyesha kuwa wanawake waliopunguza kama kilo tano katika miaka kumi, hatari yao ya ugonjwa huu wa goti ilipungua kwa nusu. Zoezi nalo halina gharama: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu mpaka tano, shusha, badili. Misuli ya paja ikiwa imara, goti linapumua.

Vidonge vya maumivu usimeze kama karanga. Vinaleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Na goti likivimba ghafla pamoja na homa, hiyo ni hospitali, siyo kwa jirani.

Bibi wa Irente hana kilo za kupunguza. Cha kumpunguzia ni mzigo. Ukipanda kupiga picha, mpokee hizo kuni. Profesa hatakutaja popote, lakini bibi atakutaja kwenye sala zake.

Tukutane wiki ijayo!