Soda ya Mgonjwa

Hapa kwetu Mwanza mtoto akigundulika ana selimundu, kikao cha kwanza cha ukoo huwa cha kutafuta mkosaji, na mkosaji huwa mama. Dada zangu walitoa hukumu kabla chai haijaiva. Ilibidi niwaeleze walivyotueleza kliniki: mimi na mke wangu kila mmoja amebeba kinasaba kimoja bila kuumwa, mtoto akivirithi vyote viwili, anaumwa. Uwezekano ni robo, kwa kila mimba. Wapo wanaodhani ukishazaa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamepona. Sivyo, kila mimba ina hesabu yake.

Watu hutupa pole siku za maumivu, chembe nyekundu zinapopinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, mtoto akalia mifupa. Siku hizo hazina mjadala: unabeba mtoto na daftari la kliniki, unaondoka. Kazi ni siku akiwa mzima. Acheze mpira? Aoge ziwani na wenzake? Tumekubaliana na mama yake: mpira ndiyo, chupa ya maji ikiwa pembeni, ziwani hapana, baridi humwamshia maumivu.

Shuleni ndiko nilikochoka zaidi. Figo za watoto hawa hushindwa kukoleza mkojo, kwa hiyo usiku hulowesha godoro, na mchana huyo huyo anayeambiwa anywe maji mengi ndiye anayeomba ruhusa kila mara. Mwalimu mmoja alimwita mtoro wa chooni. Nikapeleka barua ya daktari. Sasa hutoka bila kuomba.

Jioni nikifunga cherehani nampapasa chini ya mbavu za kushoto. Bandama likivimba ghafla, damu hujaa humo na mtoto huishiwa upesi. Akipata homa, hatungoji kuche. Haidroksiyurea anameza kila siku, na maumivu yamepungua kweli, ila dawa hiyo inadai vipimo vya damu mara kwa mara, na vipimo vinadai nauli.

Tuliyemsahau ni mdogo wake. "Baba, na mimi nitaumwa lini?" aliniuliza. Alishaona kaka akilazwa hununuliwa soda. Mama yake akaamua: soda ni Jumapili, kwa wote. Naye tumempima, amebeba kinasaba kimoja, kama sisi. Akikaribia kuoa tutalizungumza. Kwa sasa anadai Jumapili iko mbali.