Sauti Inapochelewa Njiani

Mwanafunzi aliyewahi kusimama ukingoni mwa uwanja wa mpira na kumtazama mwenzake akigonga debe umbali wa mita 100 amekwisha kukutana na tatizo linalowakosesha usingizi mafundi mitambo wa studio za filamu. Mkono huonekana ukishuka, hupita kimya kifupi, ndipo mlio husikika. Katika hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, na kila nyuzi moja inayoongezeka huuzidisha mwendo huo kwa karibu mita 0.6. Kwa hiyo mlio wa debe huchelewa kwa karibu sekunde 0.3, ilhali mwanga hufika papo hapo kwa kadiri jicho linavyoweza kupima.

Kwa kuwa maumbile yenyewe huichelewesha sauti daima, ubongo wa binadamu umezoea hali hiyo, na huivumilia sauti iliyochelewa kuliko iliyotangulia. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika pendekezo lake kuhusu televisheni, ulikadiria kwamba watazamaji huanza kulitambua kosa sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa hawalitambui mpaka zitimie kama milisekunde 125. Hayo ni makosa baina ya sauti na picha. Makosa baina ya sauti na sauti ni madogo zaidi, nayo ni magumu zaidi kuyakamata.

Tangu zamani watengenezaji wa filamu wametamani kumzungushia mtazamaji sauti pande zote. Filamu ya Fantasia ya mwaka 1940 ilionyeshwa katika majumba machache ya Marekani kwa mitambo ya pekee: ukanda wa picha ulikuwa mbali na ukanda wa sauti, na mashine mbili zikazungushwa kwa mota zilizofungamanishwa kwa umeme ili moja isiipite nyingine. Siku hizi mpango uliozoeleka sana ni wa spika sita: moja katikati, mbili mbele kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 30, mbili ubavuni kuelekea nyuma kwa nyuzi 100 hadi 120, na ya sita ya besi. Kazi ya mota imechukuliwa na kompyuta, ambayo huihesabu sauti kwa sampuli 48,000 kila sekunde. Sampuli moja ni muda wa sauti kusafiri kama milimita 7 tu.

Ndani ya kompyuta hiyo fundi hupachika programu ndogondogo: moja husafisha makelele, nyingine hupunguza ukali, nyingine huongeza mwangwi. Utaratibu wa VST, uliotolewa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1996, uliwezesha programu za watu mbalimbali kupachikwa katika mtambo mmoja. Lakini kila programu ina mwendo wake. Ile ya kuzuia sauti isivuke kipimo inahitaji kuiona sauti kabla haijafika, kama bawabu anayechungulia dirishani kabla ya kufungua mlango. Nayo haiwezi kuuona wakati ujao isipokuwa kwa kuizuia sauti iliyopo. Vichujio vya namna fulani, visivyovuruga mpangilio wa mawimbi, huchelewesha kwa nusu ya urefu wao. Kichujio chenye hatua 4,097 hula sampuli 2,048, yaani milisekunde 42.7, ambazo zinazidi fremu moja ya filamu inayokwenda kwa fremu 24 kwa sekunde.

Dawa ya jambo hili ni rahisi kuieleza. Mtambo mkuu huiuliza kila programu inachelewesha sampuli ngapi, kisha huzichelewesha njia nyingine zote zilingane na iliyo nyuma kuliko zote, kama msafara unaomngoja mgonjwa wake. Taabu huanza pale programu inapojibu uongo, au inapobadili ucheleweshaji wake baada ya fundi kuchagua kiwango kingine cha ubora na mtambo usiulize tena. Taabu nyingine hutoka kwenye vifaa vya nje vilivyounganishwa kwa waya, ambavyo haviulizwi kamwe.

Chukua mfano wa mazungumzo ya mwigizaji yaliyowekwa katika spika ya kati, na sehemu yake kidogo ikapelekwa kushoto na kulia. Njia ya kati imepachikwa programu ya kusafisha makelele, nayo imechelewa kwa milisekunde 10 bila mtambo kujua. Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sauti ikirudiwa ndani ya milisekunde 30 hivi, sikio halisikii mbili. Husikia moja tu, tena hudhani imetoka kule ilikotangulia kufika, hata ile ya pili ikiwa na nguvu kuizidi kiasi. Basi maneno yanakibanduka kinywa cha mwigizaji na kuelekea kando ya ukumbi, na fundi anahangaika kupandisha spika ya kati bila mafanikio.

Ucheleweshaji ukiwa mdogo zaidi, hatari huongezeka kwa kuwa studioni karibu hausikiki. Milisekunde 1 ni sampuli 48. Filamu inapofika nyumbani kwenye televisheni yenye spika mbili, njia ya kati hupunguzwa na kujumlishwa na zile za kushoto na kulia. Hapo kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine: sauti za hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea hudhoofika, na zikiwa na nguvu sawa hufutika kabisa. Msemaji husikika kana kwamba amefunikwa na pipa. Kazi ya miezi imeharibika mahali ambapo fundi hayupo kuisikiliza. Besi nayo ina hesabu yake: wimbi la hezi 80 huchukua milisekunde 12.5, hivyo njia ya besi ikichelewa kwa sampuli 300 hupingana kabisa na spika kubwa katika sauti hiyo, na ngurumo hufifia badala ya kuongezeka.

Wako wanaosogeza sauti kwa kukisia mpaka isikike vyema. Njia hiyo si ya kuigwa, kwa kuwa kosa huhamishwa tu kutoka tukio hili hadi lile. La kwanza ni kuangalia kama kosa halibadiliki au linakua. Lisipobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, ni ucheleweshaji. Likikua, kasoro iko katika saa za mitambo, si katika programu: tofauti ya sehemu 1 kwa 1,000, itokeayo pale picha za fremu 24 zinapochanganywa na za fremu 23.976, huzaa kosa la sekunde 0.6 katika dakika 10.

Likiwa ni ucheleweshaji, fundi huweka mlio mmoja wa sampuli moja mahali pamoja katika njia zote sita, huurekodi unavyotoka, kisha huhesabu kwa macho ni njia ipi iliyobaki nyuma na kwa sampuli ngapi. Katika njia hiyo huondoa nusu ya programu na kupima tena, halafu nusu ya zilizobaki. Programu 16 humalizika kwa vipimo vinne. Mwisho hupima kwa utepe umbali wa kila spika hadi kwenye kiti, kwani sentimita 70 za ziada ni milisekunde 2, na hakuna programu itakayozitaja.

Mwalimu mwenye kompyuta moja na programu ya bure kama Audacity anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Sauti ya mwanafunzi irekodiwe kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, inakiliwe, nakala isogezwe sampuli 48, kisha mbili hizo zichanganywe katika njia moja na kusikilizwa. Ikisogezwa sampuli 96, shimo la kwanza hushuka hadi hezi 250. Kisha nakala irudishwe mahali pake na mawimbi yake yapinduliwe juu chini: zikichanganywa, spika hunyamaza kabisa. Isogezwe sampuli moja tu, na masalia membamba ya sauti za juu yataanza kusikika.