Kromosomu hukunjwa, hazijikunji

Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu mgawanyiko wa seli hukutana mapema na swali la sarufi: je, kromosomu hujikunja au hukunjwa? Wenzangu wengi huona ni jambo la mtindo tu. Mimi nashikilia hukunjwa, na ushahidi wangu nautoa kwa kiumbe mwenye jina la kwetu.

Ni Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe hiyo hiyo. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alimwelezea kutokana na pombe ya nafaka ya Afrika ya Mashariki, na neno la Kiswahili likaingia katika jina la kisayansi. Ni hamira ya aina yake: haichipui kitoto ubavuni kama hamira ya mkate, bali hurefuka kama kijiti, kisha ukuta mpya huikata katikati.

Ina kromosomu 3 tu. Ukizinyoosha na kuziunga, uzi wa ADN unazidi milimita 4, ilhali seli nzima haifiki hata sehemu moja ya hamsini ya milimita. Tena kabla ya kugawanyika kila uzi umekwisha kunakiliwa, na nakala mbili zimezongana. Zisipofupishwa na kutenganishwa, mikia yake itakuwa bado katikati ukuta unapofika.

Hayo yameonekana. Mwaka 1994 kundi la Mitsuhiro Yanagida wa Kyoto lilieleza hamira zenye kasoro katika jeni cut3 au cut14, jina lililotoka katika neno la Kiingereza la kukata. Zikipashwa joto hadi nyuzi 36, kromosomu hazifupiki ipasavyo. Sentromia huvutwa huku na huku, mikono hubaki nyuma, na ukuta hukipasua kiini. Seli hufa. Kromosomu zilikuwepo zote. Aliyekosekana ni mkunjaji.

Mkunjaji huyo ni kondensini, jina alilopewa mwaka 1997 na Tatsuya Hirano na wenzake, waliokuwa wakichunguza mayai ya chura. Ni protini 5 zilizoshikamana mfano wa pete, na Cut3 na Cut14 ni mbili kati yake. Mwaka 2018 watafiti wa Delft na Heidelberg waliirekodi ile ya hamira ya mkate ikiwa kazini: inashika uzi wa ADN, inauvuta, na kitanzi kinakua mbele ya macho, ikitumia nishati ya ATP.

Inapewaje zamu? Hamira ya pombe haivunji utando wa kiini inapogawanyika, tofauti na seli zetu. Seli ikiwa bado haijaanza kugawanyika, sehemu kubwa ya kondensini hukaa nje ya kiini. Wakati ukifika, enzima Cdc2 (ambayo kazi juu yake ilichangia kumpatia Paul Nurse tuzo ya Nobel mwaka 2001) hubandika fosfati kwenye Cut3, na kondensini huingia ndani. Sasa huyu aliyeitwa, akaingia, akavuta, tutamfichaje nyuma ya -ji-?

Kinachonisumbua bado ni shina lenyewe. Kukunja kunaleta picha ya shuka, na hapa ni vitanzi. Mwenye kujua kitenzi cha wafuma nyavu wa Uvira au Kalemie, cha kuvuta uzi hadi uwe kitanzi, atuletee.