Tusome Nyuma ya Paketi

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya yale maandishi madogo yaliyo nyuma ya paketi za vyakula. Wengi wetu tukifika dukani hutazama mambo mawili tu: bei, na tarehe ya mwisho wa kutumika. Hayo ni mema, lakini kwa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu hayatoshi.

Mbele ya paketi ni mahali pa biashara. Hapo ndipo panapochorwa embe lililoiva na mtoto anayecheka. Hesabu ziko nyuma. Anza na orodha ya vitu vilivyotumika kutengeneza chakula hicho. Kwa kanuni za Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, vitu hivyo hupangwa kwa uzito, kilichotiwa kwa wingi kikitangulia. Basi ukiona juisi ya embe inaanza na maji, ikafuata sukari, embe likaja la tatu, umejua unanunua nini.

Halafu tazama jedwali la virutubishi. Hapa ndipo wengi hupotea. Tarakimu zake mara nyingi si za paketi nzima. Huwa ni za gramu 100 au mililita 100, ama za kipande ambacho mwenye kiwanda amekadiria kuwa mtu mmoja atakula kwa mara moja. Tuseme soda ya mililita 500 imeandikwa sukari gramu 10 kwa kila mililita 100. Mtu akisoma 10 ataona ni kidogo. Lakini akimaliza chupa amekunywa gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 na ushei.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo ni kama gramu 50. Chupa moja imemaliza kiasi cha siku nzima, na chai ya jioni bado haijanywewa.

Jambo jingine ni chumvi. Pengine hutaliona neno hilo; utaona sodiamu. Chukua sodiamu, zidisha kwa 2.5, utapata chumvi. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi. Shirika hilo hilo linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Kwa hiyo anayepika tambi za paketi na kumwaga unga wote wa viungo uliomo, na afanye hesabu hiyo kwanza.

Ukitaka kulinganisha paketi mbili, tumia gramu 100 za hii na gramu 100 za ile. Ukitaka kujua kinachoingia mwilini, hesabu kile utakachokula wewe.

Nawaomba nao wenye viwanda wanaotuuzia vyakula hivi waandike kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Na wewe ambaye macho yamechoka, mwite mjukuu akusomee kabla hujalipa. Daktari akikukataza chumvi, usikubali kuuziwa ndani ya paketi.