Zumari Isizikwe na Mpigaji Wake

Sisi wa Pwani wengi wetu tunaijua Siakago, huku Mbeere katika kaunti ya Embu, kwa jambo moja tu: muguka. Mimi niko huku kikazi, na majuzi vijana wanaopenda muziki walinionyesha kwenye simu watu watano wa Brazili wakipuliza ala. Wakaniuliza, "Huko kwenu Pwani mna kitu kama hiki?"

Kwanza niwaeleze hao ni nani. Ni Quinteto Villa-Lobos, kundi lililoanzishwa Rio de Janeiro mwaka 1962. Jina ni la Heitor Villa-Lobos, mtunzi mkubwa wa Brazili aliyefariki mwaka 1959. Ala zao ni filimbi, obo, klarineti, honi na basuni. Hakuna ngoma wala gitaa. Wanachokipa uzito ni muziki wa watunzi wa kwao, na mtunzi huyo hakuudharau muziki wa mitaani. Mwaka 1928 alitunga kipande cha ala tano za kupuliza akifuata choro, muziki wa mitaa ya Rio.

Sasa itazameni obo. Sauti yake hutoka kwenye ndimi mbili nyembamba za tete zinazotetemeka pumzi ikipita katikati. Zumari yetu hulia kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mpiga obo hubana ndimi kwa midomo, na mpiga zumari huzitia ndani kabisa ya kinywa, akavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma upepo. Ndiyo maana sauti haikatiki. Ufundi huo haujifunzwi kwa siku mbili, wala kwa kutazama video.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, tunacho. Lakini lile kundi la Rio limepita miaka 60 na wapulizaji wamebadilika. Anayeondoka huacha kiti, mwingine hukikalia. Hata kwetu tunaujua mtindo huo: Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, waasisi wote wametangulia mbele ya haki, na klabu bado ipo.

Zumari haina kiti. Ina mtu. Tunamwita kwenye sengenya au harusi, tunamtunza, anarudi kwake peke yake. Siku Mwenyezi Mungu akimchukua, tunakodi spika.

Rai yangu ni ndogo. Kila kikundi cha ngoma na kila kamati ya tamasha inayomwita mpiga zumari imwite pamoja na kijana mmoja wa kukaa ubavuni pake. Nauli na posho ya kijana huyo iandikwe kwenye bajeti, kama tunavyoandika ya spika. Mrithi huandaliwa mwenye mali akiwa hai.