Blogu ya Maisha na Kipato Chake: Mfano wa Kisumu Ndogo

Ndesanjo Macha alianzisha blogu ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Dar es Salaam, alifuata mwaka 2005 kwa picha za harusi, misiba na hafla. Wasomaji walitangulia, matangazo ya biashara yakaja baadaye. Utaratibu huo ndio wasiouzingatia wanablogu wengi chipukizi.

Kwa kijana wa Kisumu Ndogo, Kibera, kuanza si kazi kubwa: simu, bando na jukwaa la bure hutosha. Ugumu umo katika malipo. AdSense ya Google hailipi hadi salio lifike dola 100 za Marekani, na mwenye wasomaji wachache aweza kungoja miezi mingi. Kinyozi, fundi cherehani au mwenye hoteli jirani, kwa upande wake, aweza kulipia tangazo leo kwa M-Pesa, mradi wateja wake waisome blogu hiyo. Wateja hao huzungumza Kiswahili na Sheng (hata kama baadhi ya wahadhiri wataikunjia uso). Anayewaandikia kwa Kiingereza ili awavutie wageni huwapoteza walipaji walio karibu naye zaidi.